Shangazi, Mume Wangu Ameniapisha Nisiseme Kinachomtoa Nje Usiku

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma safu yako tangu nikiwa chuo cha ualimu, na leo zamu ya kuandika imenifikia mimi. Naomba usitaje jina langu wala mtaa wangu. Sema tu niko Mwanza.

Nimeolewa, tuna watoto watatu. Mume wangu ana miaka 38, ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, matela. Ana karakana yake na vijana anaowafundisha kazi. Ni mpole, watoto wanamgombania akirudi jioni, na uchovu hajui kuulalamikia. Lakini kila mwaka mvua za vuli zikikaribia kuna kitu kinamwingia kichwani.

Kinaanza usiku, mara nyingi saa saba kasoro. Anaamka ghafla, anashika jicho la kushoto, anafungua mlango, anatoka. Jicho linakuwa jekundu na kububujika machozi, kope inashuka, na tundu la pua la upande huohuo linaziba kisha linachuruzika. Hatulii. Anazunguka uani, anachuchumaa, anainuka, anajigonga kichwa ukutani. Nikimsogelea anasema, "Niache, usiniguse," kwa sauti ambayo si yake. Akipoa huwa ananiambia ni kama mtu amechukua nondo iliyotoka motoni akaipitisha nyuma ya jicho. Baada ya saa moja hivi kinaondoka kabisa. Ananawa, analala, asubuhi anakwenda kazini, na ukimwona utaapa hakuna kilichotokea. Usiku unaofuata kinarudi saa ileile. Siku nyingine kinampata hata mchana. Kinakaa naye wiki kadhaa, halafu kinatoweka mpaka mwaka mwingine.

Tumehangaika sana. Ametibiwa malaria ambayo haikuonekana kwenye kipimo. Akaambiwa ni sainasi, akamaliza dawa. Akapewa miwani. Akang'olewa gego la juu ambalo mpaka leo naamini lilikuwa zima. Mama mkwe akasema huyu amerogwa kwa sababu ya karakana, akampeleka kijijini kwao, akachanjwa chale kwenye paji la uso. Mwaka ule maumivu yalikoma siku chache baada ya chale, na tangu hapo mama hataki kusikia neno lingine.

Mwaka jana tukampata daktari bingwa. Alimsikiliza bila haraka, akasema ni maumivu ya kichwa aina ya klasta. Akamwandikia vidonge vya verapamili vya kuzuia mashambulizi na kumwambia kwamba oksijeni husaidia. Alipata nafuu kubwa. Msimu ulipokwisha akaacha vidonge, hakurudi kliniki. Sasa yamerejea. Anakwenda duka la dawa kuchomwa sindano za diklofenaki za kutuliza maumivu, na juzi nimekuta tramado, dawa kali ya maumivu, mfukoni mwake. Pia anataka kuleta nyumbani mtungi wa oksijeni wa karakana. Anasema, "Daktari si alisema oksijeni? Mimi ninayo." Nyumba yetu ni ndogo, watoto wanalala sebuleni, na yeye anavuta sigara.

Shangazi, aliniapisha. Nisimwambie mama yake, wala kaka zake, wala mtu yeyote alichosema daktari. Anaogopa wateja watasema fundi ana ugonjwa wa kichwa, nani atampa kazi ya kushika moto? Kuna mjomba wake aliyeitwa kichaa mpaka akahama kijiji, na hilo halijamtoka. Majirani wanaosikia vishindo usiku wanafikiri ananipiga. Mimi nanyamaza.

Lakini alfajiri moja wiki hii, baada ya kupoa, alikaa kwenye ngazi akasema, "Mama watoto, siku moja nitachoka na haya, nipumzike moja kwa moja." Sikuweza kulala tena. Wakati huohuo mama mkwe amepiga simu, anataka kuja kumchukua kwa mganga yuleyule. Nikimruhusu, namsaliti mume wangu au namsaidia? Nikiwaambia kaka zake, nimevunja kiapo. Nikinyamaza na likatokea la kutokea, nitaishije?

Mama wa Mwanza

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole kwa usiku wote ambao umesimama mlangoni umemtazama mtu unayempenda akiteseka, ukaambiwa usimguse. Nilikuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na barua yako nimeisoma pamoja na daktari wa mishipa ya fahamu ninayemwamini, bila yeye kujua wewe ni nani. Tutakayoongea hapa hayachukui nafasi ya daktari wenu.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu na umeifunga kwa kamba moja. Kuna ugonjwa ambao una jina na una dawa, lakini dawa imeachwa njiani. Kuna siri uliyoapishwa. Na kuna yale maneno ya alfajiri. Naona umeipa siri uzito wa mizigo yote mitatu, na ndiyo maana kila upande unaogeukia unaona usaliti. Niruhusu niifungue mmojammoja, nikianza na ule usioweza kungoja.

Maneno aliyosema pale kwenye ngazi yachukue kwa uzito wote. Inawezekana anachotaka kipumzike ni maumivu, si maisha. Wagonjwa wengi wa klasta husema hivyo katikati ya msimu, na madaktari wanaowatibu wanajua kwamba fikra za kujiua huwapata hata watu ambao miezi mingine ni wachangamfu. Lakini wewe huwezi kujua tofauti kwa kukisia. Muulize. Chagua saa ya mchana ambayo kichwa kimetulia, watoto hawapo, umuulize kwa maneno yenyewe: "Baba watoto, uliposema utapumzika, ulikuwa unafikiria kujiua?" Usiogope kwamba utampandikizia wazo. Kumuuliza mtu hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Akikuambia amewahi kufikiria namna ya kufanya, basi asiachwe peke yake, na mwende hospitali siku hiyohiyo, idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane. Zile tramado, na dawa nyingine zilizorundikana ndani, zikae mikononi mwako kuanzia leo.

Sasa kiapo. Alikuapisha nini hasa, na lini? Kwa ulivyoandika, alikuapisha kuhusu alichosema daktari, kwa hofu ya kuitwa kichaa na kupoteza kazi. Hakukuapisha kuhusu uhai wake, maana wakati ule hilo halikuwepo. Unaweza kumheshimu katika la kwanza na bado ukamwambia wazi kwamba la pili huwezi kulibeba peke yako. Jaribu kumpa yeye uchaguzi kabla ya kuchagua kwa niaba yake: "Mtu mmoja katika ukoo wako lazima ajue. Nitajie wewe ni nani." Pengine ni kaka mmoja mwenye kifua. Pengine ni rafiki wa karakana ambaye angeweza kumshika mkono na kumpeleka kliniki siku wewe uko darasani. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukasirika, au akakataa kumtaja mtu. Hatari ya kusema bila kumwambia ni kubwa zaidi kwa ndoa yenu. Hatari ya kunyamaza unaijua, umeiandika mwenyewe. Kuhusu siri ya ugonjwa, pimeni pamoja. Kuhusu uhai, ukiona dalili za hatari usingoje ruhusa yake.

Mama mkwe nataka tumtazame kwa jicho lingine. Yeye alichokiona ni kweli: chale zilichanjwa, siku chache baadaye mwanawe akapona. Ungekuwa wewe ungeamini. Lakini huu ni ugonjwa wa misimu. Kwa walio wengi unakuja wiki kadhaa au miezi michache, halafu unaondoka wenyewe kwa miezi au hata miaka. Kwa hiyo msimu unapokaribia mwisho, chochote kilichofanyika siku zile kinapata sifa. Mganga anapata sifa, mng'oa meno anapata sifa, mwenye miwani anapata sifa. Hata sindano ya diklofenaki inapata sifa usiku mmoja kwa usiku mmoja: shambulio la klasta hudumu kati ya dakika 15 na saa tatu, hivyo mpaka mtu ametembea hadi dukani, akachomwa, dawa ikaanza kufanya kazi, shambulio lilikuwa linaondoka tayari. Na nadhani mumeo alinaswa papo hapo mwaka jana. Msimu ulikwisha, akajiona amepona, akaacha kliniki. Yeye na mama yake wamedanganywa na kitu kilekile.

Ndiyo maana sina uhakika kwamba mama ni adui wa siri hii. Anamjua mwanawe hajarukwa na akili. Ameona jicho jekundu, ameona machozi ya upande mmoja. Mtu akimweleza kwamba kuna neva ya uso inayopita hapo, kwamba sehemu ya ndani kabisa ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, ambayo ndiyo inayotunza saa ya mwili, inahusika katika kuliamsha shambulio saa ileile kila usiku, na kwamba mtu mmoja hivi kati ya 1,000 anaupata, wanaume zaidi ya wanawake, wengi wakianza kati ya miaka 20 na 40, huenda akasikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia. Huenda pia asikubali. Akitaka kumwombea mwanawe, aombe. Dua haigombani na kidonge. Cha kuangalia ni asimwondoe mjini katikati ya msimu akaiacha dawa, na asinyweshwe mitishamba isiyojulikana juu ya verapamili, ambayo ni dawa inayogusa moyo.

Na hili la kukufukuza anapoumwa, mwanangu, usilichukue kuwa anakukataa. Mwenye kipandauso hutaka giza, kimya na kitanda. Mwenye klasta hawezi kulala chini hata ukimfunga. Kutembea, kuyumba, kujigonga ni sehemu ya ugonjwa. Kwa wengi kuguswa ni adha. Kuwepo kwako mlangoni, umehakikisha hakuna chuma wala shimo mbele yake, tayari ni msaada, hata asipokuambia.

Nije kwenye matibabu, ambako nadhani matumaini yenu yapo zaidi ya mnavyofikiri.

Mumeo hakukosea kuhusu oksijeni. Ni katika tiba bora za kukata shambulio. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika asilimia 78 ya mashambulizi yaliyotibiwa kwa oksijeni ya lita 12 kwa dakika, maumivu yaliisha au yalipungua vya kutosha ndani ya dakika 15. Waliovuta hewa ya kawaida kwa barakoa ileile walifikia asilimia 20 tu. Lakini namna inavyotolewa ndiyo dawa yenyewe: lita 12 hadi 15 kwa dakika, barakoa iliyobana vizuri yenye mfuko, mgonjwa amekaa ameinama mbele, kwa dakika 15 au 20, na ianze mara tu maumivu yanapojitokeza. Mpira mdogo wa puani haufiki huko. Mashine ndogo za umeme zinazochuja oksijeni, zile za lita tano, nazo hazifiki.

Mtungi wa karakana ndio unaonipa hofu. Haukutayarishwa wala kukaguliwa kwa ajili ya kupumuliwa na mtu, na kirekebishaji chake kinapima presha ya kuchomelea, hakihesabu lita za mgonjwa. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya kila kitu kilicho karibu nayo kiwake kwa kasi ya kutisha, na grisi au mafuta ya mashine yakigusana nayo kwenye presha yanaweza kushika moto bila hata kiberiti. Mumeo anayajua haya kuliko mimi, kwa sababu ni kazi yake. Mkumbushe kama fundi, usimgombeze kama mgonjwa: je, angemruhusu mwanafunzi wake afungue mtungi ule saa saba usiku, mikono inatetemeka, sigara mfukoni, watoto wamelala chumba cha pili?

Njia nyingine ipo. Tangu miaka ya UVIKO-19 hospitali nyingi za rufaa zimewekewa mitambo ya kuzalisha oksijeni, kwa hiyo si kitu cha kuota tena. Mwombeni daktari aandike barua inayotaja kiwango na aina ya barakoa. Kwa barua hiyo mnaweza kukubaliana na kituo cha afya kilicho karibu nanyi apokelewe usiku bila kuanza maelezo upya, au muulize gharama ya kukodi mtungi wa hospitali wenye kipimo chake. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unatosha mashambulizi zaidi ya 20 hata akitumia lita 15 kwa dakika 20 kila mara. Ukikaa nyumbani, sigara itoke nje kabisa, mtungi ufungwe usianguke, watoto wasilale chumba hicho. Kuna familia zinazoweza masharti hayo na kuna zisizoweza. Wewe ndiye unayeijua nyumba yako.

Ipo pia sindano ya sumatriptani inayochomwa chini ya ngozi, ambayo hufanya kazi ndani ya dakika chache. Vidonge vyake huchelewa mno kwa ugonjwa huu. Bei yake inaweza kuwa kubwa na si kila duka litakuwa nayo, na haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa. Ndiyo maana haianzwi kwa ushauri wa dukani. Parasetamo haifiki kwenye maumivu haya. Tramado haipendekezwi, na inaweza kumfanya mtu awe mraibu wake. Kama ameitumia kila siku, amwambie daktari ili aiache kwa utaratibu.

Verapamili ndiyo nguzo ya kuzuia, na habari njema ni kwamba kwake ilifanya kazi. Asiianze upya mwenyewe kwa kipimo cha mwaka jana. Inahitaji kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuanza na kila dozi inapopandishwa, kwa kuwa inaweza kupunguza kasi ya mapigo. Inaweza pia kuleta choo kigumu na uvimbe wa miguu. Huchukua siku kadhaa kukolea, wakati mwingine wiki mbili, na hapo katikati madaktari huziba pengo kwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ya muda mfupi au kwa sindano nyuma ya kichwa, kwenye neva ya kisogoni. Wengi hawaelezwi kuhusu hili la katikati, wanakata tamaa siku ya nne wakisema dawa imeshindwa. Muulizeni daktari. Muulizeni pia kama amewahi kupigwa picha ya ubongo kwa MRI, kwa sababu mara chache maumivu ya namna hii hutokana na kitu kingine, kwa mfano uvimbe karibu na tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo. Kwa mlipo, hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando ndiyo ningeanzia. Ikilazimu, watawaelekeza Muhimbili. Kama mna bima, ulizeni mapema inalipia nini.

Pombe hukuitaja. Kama anakunywa, katika msimu hata bia moja inaweza kuleta shambulio, ingawa nje ya msimu haimfanyi kitu. Sigara ni ngumu zaidi: wagonjwa wengi wa klasta ni wavutaji, lakini kuacha hakuhakikishi kwamba ugonjwa utaondoka. Sitaki umwambie ataponea hapo, kisha asipopona akuone mwongo. Kwa mapafu na moyo wake bado ina maana, na kwa usalama wa ule mtungi ina maana zaidi.

Kuhusu kazi, hofu yake ninaielewa. Shambulio likimkuta ameshika mwali wa gesi ni hatari kwake na kwa vijana wake. Labda kijana mmoja mkubwa pale karakana anaweza kuambiwa kiasi tu: "Jicho likianza kunitoa machozi, nazima gesi, wewe unashika usukani." Hapo hajatangaza ugonjwa. Ametoa agizo la usalama, kama wafanyavyo mafundi wote wazuri.

Kabla ya kliniki, chukua daftari la shule. Andika tarehe, saa yaliyoanza, saa yaliyokoma, upande gani, alikula au kunywa nini, alitumia dawa gani. Na kama ataridhia, mrekodi kwa simu jicho lake likiwa katika hali ile. Daktari humwona mchana akiwa mzima kabisa, kwa hiyo video fupi inaweza kueleza kuliko maneno ya saa nzima. Msimu ukiisha, mwende kliniki hivyohivyo akiwa hana maumivu, mpange na daktari dawa zipunguzwe vipi na zianze lini dalili za kwanza zikirudi vuli ijayo.

Majirani waache kwanza. Ukipata hata mmoja wa kuaminika, mwambie tu kwamba mume wako ni mgonjwa na hakupigi. Hilo ni haki yako pia, na linaweza kukupatia mtu wa kugongea mlango usiku wa dharura.

Niandikie mkishaongea. Na kama atakubali kusoma jibu hili, mwambie Shangazi angependa barua kutoka kwake pia. Sitaitangaza asipotaka.

Shangazi yako